Ndugu Mhariri, mwambieni mtu na kesho kutwa yake itakuwaje

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Makala za afya kwenye magazeti yetu, na lako limo, zinahimiza watu wafanye mazoezi na hapo nawapongeza kwa moyo wote, tatizo zikishamwambia mtu aanze zinamwachia hapo hapo, hazimwambii kesho na kesho kutwa mwili utakuwaje. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia na hao watu wa kesho kutwa ndo wanaokuja kwangu, wengine wameshaogopa, wengine wameshameza vidonge vya kila aina, na wengine wameshachuliwa kwa nguvu mpaka damu imevilia kwenye paja.

Unamjua tu anavyoingia. Anashuka ngazi kiubavu ubavu kashika ukingo kwa mikono miwili, akifika kwenye kiti anageuka, anakipapasa kwa nyuma, alafu anajiachia anakaa kwa kishindo kwasababu mapaja hayakubali kumshusha taratibu. Ukimuuliza atakwambia juzi alipiga skwati, yani kuchuchumaa na kusimama mara nyingi, muda mrefu alikuwa hajafanya, na siku ile ile jioni alikuwa mzima kabisa hana hata dalili. Alafu linafuata lile neno, kwamba misuli imejaa asidi na anataka nimtolee.

Hiyo asidi naomba tuimalize leo. Ni kweli ukifanya mazoezi makali laktiki, ndo hiyo watu wanayoiita asidi, inapanda kwenye misuli na kwenye damu, lakini ukishapumzika inashuka, ndani ya kama saa moja hivi imerudi pale ilipokuwa kabla hujaanza. Maumivu tunayoongelea hapa yanaanza masaa 12 mpaka 24 baada ya mazoezi na yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Sasa kitu kilichoondoka juzi jioni kitakuumizaje leo? Mwaka 1983 watafiti waliwakimbiza watu kwenye mashine ya kukimbilia, mara kwenye tambarare, mara kwenye mteremko wa kushuka. Waliokimbia tambarare laktiki yao ilipanda na hawakuumwa, waliokimbia kushuka laktiki haikupanda na ndo walioumwa siku zilizofuata. Na huko nyuma kabisa mwaka 1902 Mmarekani mmoja anaitwa Theodore Hough alishaandika kwamba maumivu haya ya kuchelewa yanaelekea kutokana na kuchanika kudogo kudogo ndani ya msuli wenyewe, yani zaidi ya miaka 120 imepita na bado treina kwenye jimu anamwambia mteja wake akimbie dakika tano za mwisho "kutoa asidi".

Kinachotokea hasa ni hiki. Msuli unaweza kufanya kazi huku unajikunja, mfano unaponyanyua uzito, na unaweza kufanya kazi huku unarefuka, mfano unaposhusha ule uzito taratibu, unaposhuka ngazi, unapoteremka mlima, unapotua baada ya kuruka. Hii ya pili ya kufanya kazi huku unarefuka ndo inayoumiza, msuli unang'ang'ania huku mzigo unaurefusha kwa nguvu, kama kamba ya kuvutana, na nyuzi ndogo sana za ndani zinavurugika mahali mahali. Baada ya hapo mwili unapeleka maji na chembe za ukarabati eneo lile, neva zinakuwa na hasira, ndo maana ukibonyezwa tu unaruka. Kwahiyo aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi anahema sana lakini aliyeshuka hizo hizo ghorofa kumi ndo atakayelia keshokutwa. Watu wengi hawajui hili kabisa, wanadhani zoezi lililowatoa jasho jingi ndo litakalowauma.

Na hapo ndo napenda kumtuliza mgonjwa, maana uoga unaongeza maumivu. Huo ni ukarabati unaendelea, ndani ya siku tano mpaka saba unaisha wenyewe hata usipofanya chochote. Zuri zaidi ni kwamba msuli unajifunza. Ukirudia zoezi lile lile wiki moja au mbili baadae, kwa kiasi kile kile, maumivu yanakuwa kidogo sana, na kinga hiyo inaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Hakuna kidonge wala mashine inayokaribia hapo. Wagonjwa wangu nawaambia dawa ya maumivu ya mazoezi ni mazoezi yale yale, ila kwa dozi.

Sasa tuje kwenye tiba zenyewe, maana hapa kila mtu ana lake.

Naanza na kuchua kwasababu ndo linalotendewa vibaya kuliko yote. Kuchua kunasaidia, hilo sina ubishi, mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 99 za njia za kupumzisha mwili baada ya mazoezi na masaji ndo iliyoongoza kwa kupunguza maumivu na uchovu. Lakini kuchua ni kwa mkono laini jamani. Unaweka mafuta kidogo, unaanza chini ya paja unapanda juu kwa kiganja kizima, mgonjwa anapumua kawaida, akianza kukunja uso au kuzuia pumzi umeshazidisha. Dakika kumi mpaka ishirini zinatosha. Mwaka 2012 watafiti walichua paja moja la wanaume 11 baada ya mazoezi mazito kwa dakika kumi tu, lile lingine wakaliacha, wakachukua vipande vidogo vya msuli wakapima, wakakuta lililochuliwa lina dalili ndogo za uvimbe wa ndani, na laktiki haikuwa na tofauti yoyote. Kwahiyo hata kwenye masaji hakuna asidi inayotolewa. Ile ya kupanda mtu mgongoni, kuchimba kwa kiwiko mpaka atoe machozi eti "uchungu ndo unatoka", ile ni kuchana mara ya pili kitu ambacho kilishachanika mara ya kwanza. Namwona mtu amekuja na mapaja yanauma na ana madoa ya damu ya juzi, maumivu mawili kwa wakati mmoja, na la pili alilipia.

Barafu nayo. Kuna kanuni maarufu ya kupumzika, barafu, bandeji na kuinua mguu, ilitungwa mwaka 1978 na daktari wa Marekani Gabe Mirkin kwa ajili ya majeraha ya michezo, na baadae mwenyewe alikuja kusema kupumzika kabisa na barafu vinaweza kuchelewesha kupona. Watu wakaichukua ile kanuni wakaipeleka hadi kwenye msuli uliochoka tu. Kujitumbukiza kwenye maji ya baridi, nyuzi 10 mpaka 15 za selsiasi kwa dakika kama kumi hivi, kunapunguza maumivu ukilinganisha na kukaa tu, uchambuzi wa 2012 wa tafiti 17 ulionyesha hivo. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Australia walifuatilia watu waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 12, wale waliokuwa wanaingia kwenye maji ya baridi kila baada ya mazoezi walijenga msuli kidogo kuliko wenzao waliopoza mwili kwa kuendesha baiskeli ya mazoezi taratibu. Kwahiyo jibu langu linategemea nani ananiuliza. Mchezaji ana mechi leo na nyingine keshokutwa, aingie kwenye maji baridi, anataka miguu ya keshokutwa na sio misuli ya mwakani. Mtu wa kawaida anayejenga mwili ajinyime tu hiyo baridi, na mwenye matatizo ya moyo au presha asijitumbukize kwenye maji ya barafu bila kuongea na daktari wake kwanza.

Joto mimi nalipenda kuliko baridi kwa watu wangu wengi, hasa wazee. Taulo la uvuguvugu au kuoga maji ya moto kiasi, msuli unalegea, mtu anapata ujasiri wa kusogea. Msichome ngozi tu, na mwenye kisukari ambaye miguu yake ina ganzi ajaribu maji kwa kiwiko kwanza au apimiwe na mtu mwingine manake hawezi kuhisi.

Kunyoosha misuli najua hapa nitawaudhi makocha wengi. Uchambuzi wa mwaka 2011 wa tafiti 12 uliangalia kama kunyoosha kabla au baada ya mazoezi kunazuia maumivu ya siku zinazofuata, na utafiti mkubwa kuliko yote ndani yake, wa watu zaidi ya 2,000, ulipata nafuu ya kama pointi nne kwenye kipimo cha pointi 100. Nne. Kwahiyo nyoosha kama unapenda, kama inakupa raha, kama mchezo wako unataka mwili mlaini, ila usimlazimishe mtu ambaye paja linawaka moto akamate vidole vya miguu huku mwenzake anamsukuma mgongo, haimsaidii na inaweza kumuumiza zaidi.

Kuna lile roli la sponji ngumu watu wanalalia na kubingirika, linasaidia kidogo, lifanyike polepole na bila kujitesa. Nguo za kubana pia zina nafuu yake.

Kwenye mashine naomba nisemee ndani ya fani yetu wenyewe. Ile mashine ya mawimbi ya sauti ambayo mtu anapakwa jeli na kupitishiwa kichwa cha chuma kwenye paja, kwa maumivu haya ya baada ya mazoezi haina ushahidi wa maana kwamba inasaidia, na ile ya umeme mdogo mdogo unaotekenya inapunguza maumivu wakati imewashwa, ukiizima yanarudi. Mtu anayeumwa misuli kwa sababu ya skwati za juzi hahitaji kuandikiwa siku kumi za mashine. Anahitaji kuelezwa kinachoendelea mwilini mwake, kuonyeshwa jinsi ya kusogea, na kuachwa aende nyumbani. Inaniuma kuona mgonjwa amelipa vipindi na vipindi kwa kitu ambacho kingeisha chenyewe kabla ya kipindi cha tatu.

Kwahiyo nafanya nini mimi? Kwanza nampapasa, naangalia maumivu yametapakaa kwenye msuli mzima au yako sehemu moja kama ncha ya kidole, nalinganisha mguu na mguu. Alafu namsimamisha. Nampa kiti kirefu kidogo, namwambia akae na kusimama taratibu huku ameshika meza, mara chache tu, mara ya kwanza anaguna, mara ya nne au ya tano uso unalegea kidogo. Alafu tunatembea. Kutembea dakika kumi mpaka ishirini, au baiskeli isiyo na mzigo, au kama kuna maji ya kuogelea basi atembee ndani ya maji yanayofika kifuani. Lengo sio kutoa jasho, ni kusogeza. Nafuu yake ni ya muda, masaa machache, naomba nisidanganye watu, lakini masaa machache ya kuweza kushuka ngazi na kuvaa soksi mwenyewe sio kitu kidogo kwa mtu mwenye maumivu, na unarudia tena jioni na kesho yake.

Kitu ambacho watu wanakipuuza ni kwamba maumivu yanapokuwepo nguvu pia imepungua, na inaweza kubaki pungufu siku kadhaa hata pale maumivu yakishaanza kuisha, na pia mguu unakuwa haukanyagi kwa uhakika kama kawaida yake. Ukienda kupiga uzito mkubwa siku hiyo kwa kujikaza, goti au kiuno ndo kitakachobeba kazi ambayo paja limeshindwa. Fanyia kazi sehemu nyingine ya mwili, kama miguu inauma fanya mikono, iache miguu siku mbili tatu.

Alafu dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni watu wanazimeza bila kuuliza mtu, na wapo wanaoshauriwa wameze KABLA ya mazoezi ili wasiumwe. Mhariri naomba sana, ukikutana na ushauri huo kwenye makala yoyote uukate kabla haujachapwa. Mtu anayetoka jasho, hajanywa maji ya kutosha, misuli yake inamwaga taka kwenye damu, alafu juu yake anaongeza dawa inayopunguza damu inayokwenda kwenye figo, hayo ni mazingira mabaya kabisa kwa figo, na tumbo nalo lina vidonda vyake. Mara moja moja kwa mtu mzima asiye na matatizo, baada ya kuuliza mfamasia, sawa. Kama desturi ya kila baada ya jimu hapana.

Na hapa nafika kwenye kilichonifanya nishike kalamu hasa. Sio kila maumivu baada ya mazoezi ni haya ya kawaida na gazeti lina wajibu wa kuwaambia watu tofauti. Ya kawaida yanakuja polepole, yapo kwenye nyama ya msuli, mara nyingi pande zote mbili, ukikaa kimya yanatulia. Kama ulisikia kitu kimekatika au kimekushtua ghafla katikati ya zoezi, kama maumivu yako sehemu moja tu na kuna damu imevilia, kama ni kwenye kiungo chenyewe na sio msuli, kama huwezi kukanyaga, hapo ni jeraha, nenda ukaonwe. Kama kigimbi kimoja tu kimevimba, kina joto na kinauma hata umekaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usikubali mtu yeyote akichue, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na kuchua kunaweza kuisukuma.

La kutisha kuliko yote ni pale msuli unapovunjika kwa wingi mpaka unamwaga vitu vyake kwenye damu na kuziba figo. Watafiti wawili waliokuwa Uingereza, Bywaters na Beall, walilielezea mwaka 1941 kwa watu waliofukiwa na vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu London, walitolewa wazima alafu figo zikagoma siku zilizofuata. Kwenye mazoezi linawapata wale walioanza kwa kishindo, mashindano ya skwati mia kadhaa, kujivuta kwenye chuma mpaka mikono ife, au kuendesha baiskeli za jimu kwa kasi siku ya kwanza kabisa. Nilimpokea kijana mikono imebaki imekunjwa kwenye kiwiko, hawezi kuinyoosha, imevimba imekaza, ngozi inang'aa, na kabla ya kumgusa nilimuuliza mkojo wake una rangi gani. Akasema wa kahawia umekolea, alidhani ni kwa vile hajanywa maji. Sikumchua, sikumpa zoezi lolote, nilimpeleka kitengo cha dharura na akalazwa akaongezewa maji mengi kwa dripu. Figo zake zilipona. Kijana huyo alikuwa ameshaambiwa na mtu wa jimu kwamba hiyo ni kawaida, ajikaze, arudi kesho wamalizie.

Kwahiyo naomba kila mkiandika kuhusu mazoezi muweke na mistari hii hata kwa herufi ndogo: maumivu makali yasiyolingana na ulichofanya, uvimbe uliokaza, udhaifu, na mkojo wa kahawia, hospitali mara moja, usisubiri asubuhi. Hata kama dalili ya mkojo haipo na hizo nyingine zipo, nenda, manake sio wote mkojo unabadilika rangi.

La mwisho ni la watu wazima wanaoanza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mtu akisoma hivo anaanza na zote wiki ya kwanza. Mama wa makamo anakuja anasema mazoezi sio yake, alijaribu akalala kitandani siku tatu, hataki tena. Huyo tumempoteza na presha yake na magoti yake, na tumempoteza kwasababu hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kwanza unaacha ukiwa bado una hamu, seti moja tu ya kukaa na kusimama kwenye kiti, mara nane au kumi, basi, ushuke polepole lakini mara chache. Wiki inayofuata ongeza seti ya pili. Ukiona keshokutwa yake unatembea umekakamaa kidogo tu na unaweza kushuka ngazi bila kushika kitu, hapo umepatia kiasi chako, baki nacho mpaka ukizoee ndo uongeze. Ukishindwa kushuka, punguza nusu.

Hivyo nikipata nafasi nipo tayari kukuandikia ukurasa mzima wenye picha za mazoezi hayo ya kiti, bila malipo, ili mwakani mnapowahimiza wasomaji tena waanze mazoezi wawe na pa kuanzia.

Wako,
Msomaji, mtaalamu wa fiziotherapia